Nitakusoma Gazetini

Kila siku ya kazi, ikifika saa kumi alasiri, Mama Chai alisukuma kitoroli chake kutoka jikoni, akapita korido nzima ya ofisi ya gazeti vikombe vikigongana, na alipofika kwenye ubao uliokuwa kati ya mlango wa choo na chumba cha kioo cha Mhariri, alisimama. Kwenye ubao huo zilibandikwa kurasa tatu kubwa, kila moja ikigombea kuwa ukurasa wa mbele wa kesho. Mama Chai hakujihangaisha na zile zenye watu wanaotabasamu. Aliitafuta iliyo mbaya kuliko wenzake, ile yenye basi lililolala ubavu, au nyumba iliyoungua, au umati uliomzunguka mtu asiyeonekana. Akatoa kidole kilichokwisha kuchakazwa na maji ya moto, akakipitisha chini ya maneno, moja baada ya jingine, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika mstari wa mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Hayumo." Pumzi ikamshuka, akaendelea na safari yake.

Aliyekuwa hayumo ni mwanawe.

Tuliseme hili mapema, maana hakuna haja ya kuzungushana. Mama Chai alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Yeye na dada yake mkubwa walimwita Kitinda, kwa kuwa alizaliwa wa kwanza na hapo hapo akawa wa mwisho. Baba yake alikuwa fundi nguo, na alipofariki alichoacha ni jina lake na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Kitinda alipotimiza miaka ishirini aliiuza ile cherehani bila kumwuliza mtu, akajinunulia simu na viatu. Mama yake aliporudi kutoka kwenye kibarua chake cha kufua nguo za watu alikuta alama nne sakafuni pale miguu ya cherehani ilipokuwa imesimama tangu siku ya harusi yake. Alipandwa na hasira ambayo hata yeye hakujua kama anayo. Alisema mengi, na mengi yamesahaulika. Lile lisilosahaulika alilisema mlangoni, kijana akiwa tayari na begi begani.

"Nenda! Wewe nitakuja kukusoma gazetini!"

Hakuna mama ambaye hajawahi kusema maneno kama hayo. Huambiwa watoto wanaopanda mapaa na wale wanaodandia magari, maana yake ikiwa utakipata unachokitafuta, halafu huyohuyo mama anakwenda kupakua chakula. Kitinda hakungoja chakula. Alikwenda, na miaka saba ikapita bila simu wala salamu. Mmoja akasema amemwona bandarini, mwingine akaapa yuko migodini, anachimba na wachimbaji wadogo huko ambako barabara huishia. Mama Chai mwenyewe wakati ule hata kusoma alikuwa anababaisha. Akajiandikisha darasa la watu wazima, akajifunza kuunganisha herufi katika umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kuvaa miwani. Kisha akaipigania kazi ya chai pale gazetini kufa na kupona, kwa sababu aliambiwa kwamba habari hufika huko kabla hazijafika kwa watu wengine. Kama ni kumsoma mwanawe, basi angalau amsome wa kwanza.

Ndiyo maana maneno aliyoyasoma upesi kuliko yote yalikuwa ajali, wafukiwa, marehemu na majeruhi. Neno "maendeleo" lilikuwa likimkwama hadi leo.

Miaka mitano alisimama hivyo. Asubuhi alisimama jikoni, mchana alisimama kwenye sinki, alasiri alisimama kwenye ubao, na miguu yake ilikwisha kukata tamaa ya kulalamika. Hakujua kama kuna mtu anamtazama. Nani amtazame mama wa chai?

Siku ya Jumatatu aliingia jikoni yule binti mpya wa kupanga kurasa, ambaye ofisi nzima ilimwita Binti Kurasa. Alikuwa na wiki tatu tu kazini na bado alikuwa anasuuza kikombe chake mwenyewe.

"Mama, umeniponza leo," alisema, nusu akicheka. "Ukurasa wangu nimeuhangaikia tangu asubuhi, wewe ukaupita kama vile ni ukuta."

"Ukurasa upi, mwanangu?"

"Ule wa mkunga mstaafu. Amekutana na mapacha aliowazalisha miaka thelathini iliyopita. Kurasa zote tatu nimezipanga mimi, ila ule ndio nilioupenda. Wewe ukasimama kwenye ule wa moto wa sokoni. Basi, kesho ni moto wa sokoni."

Mama Chai alidhani anataniwa. "Kusimama kwangu na kesho vinahusiana nini?"

Binti akamtazama, akajua kuwa amesema lisilopaswa kusemwa, na kwa kuwa alikuwa bado mgeni wa kuficha mambo, akaendelea kulisema. Alieleza kwamba Naibu Mhariri, yule waliyemwita Miwani, ana daftari. Alasiri huketi nyuma ya kioo na Mhariri, wakingoja kitoroli. Mama Chai akisimama, Miwani anaweka alama. Akitoa kidole, anaweka mbili. Ulianza kama mzaha, siku wakubwa hao wawili walipogombana juu ya ukurasa wakakubaliana kumtazama mtu wa kwanza atakayepita koridoni. Gazeti la kesho yake lilikwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Tangu siku hiyo hawakugombana tena.

"Mhariri anasema wewe ndiye msomaji wetu," Binti Kurasa alimaliza. "Anasema macho yako ni macho ya watu wote. Watu wanapenda damu, ndivyo anavyosema, na Mama Chai ndiye kipimo."

Mama Chai alikaa juu ya kreti la soda. Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Aliona aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anasali. Baada ya aibu, akili yake ilikwenda moja kwa moja nyumbani, kwa dada yake.

Yeye na Dada waliishi katika vyumba viwili vyenye dirisha moja kubwa la mbao linalotazama mtaani. Dada alikuwa amekula chumvi nyingi, akawa na ugonjwa wa presha na ulimi ambao haukuwahi kuugua. Kila jioni Mama Chai alimletea nakala ya bure ya gazeti la siku hiyo, na Dada alilisoma kwa sauti kuanzia kichwa cha habari, redio nayo ikimsaidia kutoka kabatini. "Nikijua baya liko wapi nitalikwepa," alisema. Alilikwepa kweli. Basi lilipopinduka aliacha kupanda mabasi. Vibaka walipoandikwa aliacha kwenda dukani. Ukurasa ulipotoa habari za mzee aliyeanguka katika foleni ya kliniki, Dada aliacha kliniki pia, na huu ulikuwa mwezi wa tano hajapimwa presha. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka, alifunga dirisha na kuweka komeo.

Kumbe aliyekuwa akilifunga lile dirisha ni mimi, Mama Chai alijisemea. Habari hiyo ilimchosha kuliko kazi yote ya siku ile.

Akakata shauri. Jumanne alimwomba Binti Kurasa aubandike ukurasa wake mwema mwisho kabisa, upande wa kulia, karibu na kioo. Saa kumi ilipofika alitoka na kitoroli, akayakaza macho yake kwenye vikombe, akavihesabu kwenda na kurudi, akapita ukurasa wa kwanza na wa pili bila kuinua uso, na kwenye wa tatu akasimama. Akatoa kidole. Alisoma habari za mkunga na mapacha wake mpaka mstari wa mwisho, akarudia, na ikawa ni mara yake ya kwanza kusoma kitu kizima pasipo neno marehemu. Nyuma ya kioo Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Mkunga akatoka mbele. Magazeti yakarudi marundo kwa marundo, yamefungwa kwa kamba vilevile yalivyoondoka. Jumatano Mama Chai alisimama kwenye habari za kijiji kilichopata maji ya bomba, Alhamisi kwenye mwalimu aliyefundisha darasa la wasioona. Ijumaa Mhariri alimwita ofisini. Alikuwa mtu mzima mwenye mifuko chini ya macho, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kulala kabla ya kujua nani amekufa.

"Mama Chai, afya yako inaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, bosi."

"Macho je? Huoni ukungu? Maana ofisi inaweza kukupeleka kwa daktari wa macho."

"Naona vizuri tu, bosi."

"Basi kapumzike Jumamosi na Jumapili," alisema kwa huruma ya kweli. "Inaonekana umechoka."

Hapo hakukosea. Alikuwa amechoka, na uchovu huu ulikuwa mpya. Kwa siku zote hizo hakusema "Hayumo" hata mara moja, na kifua chake kilibaki kimefungwa, kama mtu aliyesafiri akakumbuka njiani kwamba hajui kama alizima jiko. Zaidi ya mara moja shingo yake ilitaka kugeuka yenyewe kuelekea kushoto. Akaizuia. Hata nakala ya bure hakuifungua ndani, asije akashindwa na nafsi yake. Aliibeba ikiwa imekunjwa, akampa Dada.

Kwa Dada mambo yalikuwa mengine kabisa. Habari za mkunga alizisoma mara mbili, akasema, "Kumbe watu wengine bado wapo." Jumatano aliipunguza redio sauti. Alhamisi aliizima, akidai inamuumiza kichwa, kana kwamba haikuwa ikimuumiza kwa miaka yote ile. Siku hiyohiyo dirisha lilibaki wazi hadi giza lilipoingia, wakala wakisikia watu wakipita na kusalimiana. Ijumaa Mama Chai aliporudi hakumkuta mtu. Akatoka mbio mlangoni, na hapo akamwona Dada anakuja taratibu kutoka kituo cha basi, kadi ya kliniki mkononi, anajisikia kama bibi harusi.

"Presha imepanda kidogo tu," alisema. "Nesi amenisifu."

Mama Chai alimkumbatia dada yake pale barabarani. Alifurahi. Alijiambia kwamba kama ni sadaka basi hii ndiyo, na hao wanaotaka damu wakaitafute kwingine.

Katika jiko la ofisi palikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeianzisha. Kurasa zilizokataliwa hazikutupwa. Zilirundikwa ndani ya kikapu kando ya sinki, na Mama Chai alizitandika kwenye sinia ili vikombe visiteleze. Jumanne iliyofuata alichukua ukurasa mmoja kutoka kikapuni bila kutazama, akaukunja, akautandika, akapanga vikombe na kumimina. Kikombe cha Miwani kilifurika. Alipokiinua kukifuta aliona duara la chai limelowesha karatasi, na katikati ya duara hilo jina la mumewe.

Alidhani ni macho, akamkumbuka Mhariri na daktari wake. Akaviondoa vikombe vyote. Ukurasa ulikuwa wa Jumatano iliyopita. Juu, kwa herufi nene, uliandikwa: MGODI WAFUKIA TISA. Kulikuwa na picha ya udongo na watu wenye majembe. Upande wa kulia palikuwa na kisanduku chenye maneno "Waliookolewa", chini yake majina matano, na jina la hospitali walikolazwa. Alitoa kidole. La kwanza halikuwa la mwanawe, wala la pili. La tatu, la nne. La tano lilikuwa la Kitinda, limeandikwa kamili, lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu yamefuatana kama siku alipoandikishwa shule.

Hakulia. Alikaa kwenye kreti na karatasi ile mapajani, chai ikipoa, mpaka Binti Kurasa alipokuja kuulizia kitoroli.

"Ukurasa huu ulikwenda wapi?" Mama Chai aliuliza.

Binti aliusogelea. "Huu? Huu ulikuwa wa kushoto, mama. Hukusimama. Habari yake ikapelekwa ukurasa wa tisa, mistari mitano."

"Na majina?"

"Majina hayakutosha."

Mama Chai akakiweka kidole chake chini ya jina la tano, akakiacha hapo. "Huyu ni mwanangu," alisema.

Binti ndiye aliyeitafuta namba ya hospitali, ndiye aliyepiga, ndiye aliyeweka simu katikati yao juu ya sinia ili sauti isikike. Iliita muda mrefu. Aliyepokea alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, sauti yake ya mtu anayefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Walipomtajia jina, akaacha ile nyingine.

"Nani anamuulizia?"

"Mimi mama yake."

"Ametoka Jumapili, mama. Alivunjika mkono tu, tulimfunga plasta. Alikuwa anachekesha wodi nzima, yule."

"Hakuwa na simu? Hakuwaomba mnipigie?"

"Tulimwomba namba, akasema namba yako aliyokuwa nayo haipatikani siku nyingi." Ilikuwa kweli. Mama Chai aliibiwa simu mwaka wa pili. "Lakini akasema hakuna shida. Mwandishi alipokuja kuchukua majina, yeye ndiye aliyelitaja la kwake kwa sauti ya juu, lote, akamfanya alirudie asije akakosea. Akatuambia, mama yangu aliahidi atanisoma gazetini. Acheni anisome, atakuja."

Binti Kurasa aliweka mkono mdomoni.

"Kila asubuhi aliniomba gazeti," nesi aliendelea. "Siku ya kwanza akalifungua lote. Akakuta vile vimistari. Akasema labda kesho. Kesho yake vilevile. Jumapili nilipompa karatasi za kuondokea alikuwa bado anacheka, lakini kicheko chenyewe... mimi ni mzazi, mama. Akasema, hata huko sikuandikwa."

"Amekwenda wapi?"

"Hakusema. Alisema migodi ni mingi."

Nesi aliandika namba mpya ya Mama Chai, akaahidi kwamba akimwona atampa. Walijua wote watatu kuwa mtu aliyekwisha kuruhusiwa hatamani kurudi wodini kusalimia.

Siku ile chai haikupita. Saa kumi na nusu Mama Chai aliingia chumba cha kioo akiwa na ule ukurasa uliolowa mkononi. Mhariri alikuwa ameegemea kiti, Miwani yuko pembeni na daftari lake. Walipomwona bila kitoroli waliinua vichwa.

"Majina msiyakate," Mama Chai alisema.

"Majina gani, mama?" Mhariri aliuliza.

"Ya watu. Mkiandika wamefukiwa, andikeni ni nani. Mkiandika wameokolewa, andikeni ni nani."

Miwani akakohoa. "Majina yanakula nafasi, Mama Chai. Na kusema kweli, nani anasoma majina?"

"Mimi," alisema Mama Chai. "Mnaniandika kwenye daftari kwamba napenda misiba. Mimi sijawahi kupenda msiba wa mtu. Miaka mitano nilikuwa nasoma majina." Akauweka ukurasa mezani, kidole chake juu ya jina la tano, akawaeleza yote, cherehani, mlango, maneno yale, na nesi. Alieleza bila kupandisha sauti, kwa kuwa nguvu ya kupandisha sauti hakuwa nayo. Binti Kurasa alisimama mlangoni, anafuta macho kwa kiganja.

Mhariri alilivuta lile daftari kutoka mapajani mwa Miwani, akalifungua, akatazama alama za miaka yote ile, kisha akalifunga.

"Mimi sikujua una mtoto," alisema.

"Hukuuliza."

Mhariri alitoa kalamu. "Tutaweka tangazo. Ukurasa wa mbele, kesho hiihii." Akaanza kuandika: *Mama mwenye majonzi makubwa anamtafuta mwanawe mpendwa aliyenusurika kimiujiza*, na kalamu ilikuwa inaelekea mstari wa tatu Mama Chai alipomzuia. Alimwambia maneno yake mwenyewe. Yalikuwa machache hata Miwani akauliza kama hayo ndiyo yote.

Ikabaki mahali pa kuyaweka. Ubaoni siku hiyo palikuwa na ukurasa wa ufunguzi wa daraja, ukurasa wa wanafunzi wenye vikombe vya ushindi, na upande wa kushoto ukurasa wa basi lililotumbukia mtoni, watu kumi na mmoja.

"Kwenye wanafunzi," Miwani alipendekeza kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Inaendana, mambo ya wazazi na watoto."

Mama Chai akatikisa kichwa. "Wekeni chini ya basi."

"Mama!" alisema Binti Kurasa. "Wiki nzima umehangaika tusiweke mambo hayo mbele."

"Najua, mwanangu. Nimeona marundo yaliyorudi. Mkiniweka kwa wanafunzi nitarudi nimefungwa kamba." Alitembea mwenyewe hadi ubaoni, akauonyesha ukurasa wa kushoto, chini kabisa ya picha ya basi. "Watu watasimama hapa. Kila mwenye mtu wake barabarani atasimama hapa, na kila mwenye mtu wake mgodini, na yeye kama amebaki na akili yake ya zamani atasimama. Niwekeni hapa. Na hao kumi na mmoja muwaandike wote kwa majina."

Alipogeuka aliona wote watatu wanamtazama, safari hii bila kioo katikati. Alijisikia vibaya. Alijua kwamba kuna kina mama kumi na mmoja ambao leo hawana la kutangaza, na yeye amekwenda kusimama juu ya mgongo wao. Alijua pia nani mwingine atasoma ukurasa ule.

Jumatano gazeti lilitoka, likauzwa lote. Jioni Mama Chai alifika nyumbani na nakala yake, akaiweka mezani, akavua viatu. Dirisha lilikuwa wazi, sauti za watoto wa jirani zinaingia, na Dada alikuwa amekaa hapo anachambua maharage huku akiwatazama wapita njia. Aliacha maharage, akalifungua gazeti.

"Mungu wangu," alisema. "Basi tena!"

Akasoma kwa sauti, kuanzia juu. Akasoma mto, akasoma daraja, akasoma dereva. Majina kumi na moja aliyasoma yote, moja baada ya jingine, na Mama Chai aliyafuata kwa midomo yake kimyakimya mpaka la mwisho. Hayumo, alijisemea kwa mazoea. Kifua hakikufunguka. Zamani hayumo ilikuwa maana yake yuko mahali fulani anakula, anacheka, anatembea. Sasa ilikuwa maana yake ni kwamba hayumo tu.

"Sisemi mimi?" Dada alisema. Alikuwa amekwisha kusimama, gazeti mkono mmoja, mwingine unavuta ubao wa dirisha. "Niliwaambia nini kuhusu mabasi? Na Ijumaa ijayo nesi ananingoja, atangoja sana!" Ubao mmoja ukafungwa. Alipogeuza gazeti ili auvute wa pili, mwanga uliobaki uliangukia chini ya ile picha, kwenye kisanduku kidogo chenye mstari mweusi pembeni, na Dada, ambaye hakuwahi kuacha neno la gazeti bila kulisoma kwa sauti, alilisoma hili kimya.

*Mwanangu, uliandikwa. Nimekusoma. Rudi nyumbani. Mama.*

Mama Chai hakumtazama. Alikuwa ameinamia maharage, anaendelea kuyachambua pale dada yake alipoyaachia.

"Dada," alisema, "leo usifunge."

Dada akausukuma nje ubao aliokwisha kuufunga, akauvuta karibu mtungi wa maji uliokuwa chini ya dirisha, akauegemeza hapo ili upepo usije ukaurudisha. Kisha akaketi tena mahali pake, akawatazama wapita njia.